Mali Kauli ya Majitu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, nyuma ya supamaketi moja ya Dar es Salaam, mlango wa mbele haujafunguliwa lakini wa nyuma una foleni. Kuna gari la mikate, kuna bajaji ya mizigo iliyopakia trei za mayai, na kuna mama mwenye kreti nne za mtindi alizozifunika blanketi bichi zisipate joto. Kijana wa mapokezi anatoka na daftari.

"Shikamoo mama. Leo tunachukua kreti mbili. Na kuna marejesho ya juzi, vikombe kumi na saba."

"Marahaba mwanangu. Na malipo yangu ya mwezi wa tatu?"

"Hayo ni ya watu wa uhasibu, mama. Wanaingia saa tatu."

Mama anahesabu vikombe vilivyorudi, vingine vifuniko vimeshavimba, anavipakia. Anagongewa muhuri kwenye karatasi yake, anaikunja mara mbili na kuitia mkobani. Karatasi hiyo ndiyo hela yake, ila hawezi kuinunulia maziwa ya kesho.

Sokoni Kariakoo biashara ya namna hii ina jina lake: mali kauli. Unachukua mzigo bila kulipa, kwa neno lako tu. Ukishauza, unampelekea mwenyewe hela yake. Kwa desturi anayechukua mali kauli ni mnyonge, kijana asiye na mtaji anayembembeleza tajiri wa duka la jumla amwamini. Kwenye supamaketi mambo yamegeuka. Mwenye jengo, viyoyozi na kaunta ishirini za malipo ndiye anayechukua mali kauli, na mwenye kreti nne ndiye anayemkopesha.

Vita vya maduka makubwa ya dunia, Walmart, Carrefour, Tesco, Aldi, Lidl, Costco, Amazon na mengine, husimuliwa kama vita vya bei. Nani anauza sabuni kwa bei ya chini, nani ana ofa ya wikiendi. Bei ni kweli ina uzito wake, lakini bei inayobandikwa rafuni ni matokeo tu. Ugomvi wenyewe ni juu ya muda: nani anamsubiri nani, na kwa siku ngapi. Kampuni inayojua kujibu swali hilo nyumbani kwake hufika mbali. Ikivuka mpaka na kudhani jibu la nyumbani litafaa kila mahali, huanguka, na tutaona zilizoanguka zikiwa na fedha tele.

Tupige hesabu kidogo. Chukua duka linalouza bidhaa za shilingi milioni 100 kwa siku. Mzigo ukiingia unakaa siku 10 kabla ya kuisha, na msambazaji analipwa baada ya siku 60. Kwa siku 50 fedha ya mauzo iko mikononi mwa duka na si ya duka. Siku 50 mara milioni 100 ni bilioni 5, na bilioni hizo zipo wakati wote, kwa kuwa kila siku zinatoka milioni 100 za zamani na kuingia milioni 100 mpya. Kwa fedha hiyo, ambayo haina riba wala dhamana, unaweza kufungua tawi la pili, na tawi la pili likakuletea bilioni 5 nyingine. Ndiyo maana kampuni hizi hukua haraka kuliko kiwanda au shamba.

Si nadharia hii. Walmart ilipofunga mahesabu yake Januari 2025, ilikuwa na bidhaa za takriban dola bilioni 56 kwenye rafu na maghala yake, na deni la karibu dola bilioni 59 kwa waliomletea mali. Kwa maneno mengine, kila kitu ambacho mteja alikiona dukani kilikuwa kimegharamiwa na waliokileta, na bado chenji ilibaki. Mauzo ya mwaka huo yalikuwa takriban dola bilioni 681, faida halisi bilioni 19 na ushee. Hiyo ni chini ya senti 3 kwa kila dola. Faida nyembamba namna hiyo haimtajirishi mtu kwa kuuza mara moja. Inamtajirisha anayezungusha upesi, tena kwa hela isiyo yake.

Sam Walton alifungua Walmart ya kwanza Rogers, mji mdogo wa Arkansas, Julai 1962. Mwaka huohuo Kmart na Target nao walifungua maduka yao ya kwanza, kwa hiyo wazo la kuuza vingi kwa bei ndogo halikuwa lake peke yake. Tofauti yake ilikuwa mahali pa kuanzia. Wenzake walikimbilia miji mikubwa. Yeye alikwenda kwenye vimji ambavyo hakuna mkubwa aliyevitamani, akajenga bohari kwanza, kisha akayapanga maduka kuizunguka, kila moja kwa umbali wa safari ya lori ya siku moja. Lori likitoka halirudi na tumbo tupu. Linapitia kwa msambazaji na kubeba mzigo wa kesho. Mwaka 1987 kampuni ilikamilisha mtandao wa setilaiti ulioyaunganisha maduka yote na makao makuu ya Bentonville, na miaka michache baadaye ikawafungulia wasambazaji mfumo wa kuona bidhaa zao zinavyouzwa duka kwa duka. Mtu anaweza kudhani huo ulikuwa ukarimu. Ulikuwa ni kumkabidhi msambazaji kazi ya kulinda rafu isiwe tupu, kwa gharama yake.

Basi Walmart ikaamua kwenda Ujerumani, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa sijui mfano unaofundisha kuliko huu.

Mwisho wa 1997 ilinunua maduka 21 ya Wertkauf, yaliyokuwa mazuri. Mwaka uliofuata ikaongeza 74 ya Interspar, ambayo mengi yalikuwa yamechoka na yametapakaa nchi nzima. Hapo hesabu ya bohari na safari ya siku moja ilikwishavunjika kabla ya lori la kwanza kuwashwa. Mkuu wa kwanza aliyetumwa alikuwa Mmarekani asiyejua Kijerumani, na lugha ya ofisi ikawa Kiingereza. Wateja walipangiwa watu wa kuwatabasamia mlangoni na wa kuwafungashia bidhaa kwenye mifuko, huduma ambayo Mmarekani huipenda na Mjerumani wa kawaida aliiona ni kuingiliwa. Sheria za nchi zilifunga maduka Jumapili na kubana saa za jioni, kwa hiyo hata silaha ya kufungua muda mrefu haikuwepo. Kanuni za maadili za kampuni, zilizogusa hadi mahusiano ya kimapenzi kati ya wafanyakazi, zilifikishwa mahakamani na sehemu yake kukataliwa mwaka 2005.

Yote hayo husimuliwa kama kisa cha utamaduni, na waandishi wengi huishia kwenye tabasamu la mlangoni. Naona wanaacha kiini. Walmart ilikuta nchi ambayo tayari kuna anayeuza kwa bei ya chini kuliko yeye, na wasambazaji ambao hawakuwa na sababu ya kumnyenyekea mteja mwenye maduka chini ya 100. Nyumbani Arkansas, kampuni ya sabuni inaposikia Walmart imekasirika, mkurugenzi anapanda ndege. Ujerumani hapakuwa na aliyepanda ndege. Ilipojaribu kushusha bei chini ya gharama ili kuvuta wateja, mamlaka ya ushindani ya Ujerumani mwaka 2000 iliiamuru yenyewe pamoja na Aldi Nord na Lidl ziache kuuza bidhaa kama maziwa na siagi kwa hasara. Mwaka 2006 Walmart ilimwachia mshindani, Metro, maduka 85 na kuondoka na hasara ya takriban dola bilioni moja. Mwaka huohuo iliondoka pia Korea Kusini.

Mexico ilikwenda tofauti. Huko Walmart iliingia 1991 ikiwa mshirika wa Cifra, kampuni ya wenyeji iliyokuwa na maduka, wasambazaji na watu wake. Ilisubiri hadi 1997 ndipo ikachukua usukani. Na haikufuta kila kitu ili kupachika jina lake: maduka ya Bodega Aurrerá, ya watu wa kipato cha chini, yaliachwa na jina lake na yakazaliana hadi kwenye mitaa midogo. Leo Walmart ndiye muuzaji rejareja mkubwa kuliko wote nchini humo. Fedha zilikuwa za kampuni ileile moja. Kilichotofautiana ni kwamba huko Mexico ilikubali kukaa miaka sita kama mgeni wa mtu.

Aliyeishinda Walmart Ujerumani alikuwa na historia ndefu zaidi. Mwaka 1913 mama wa akina Albrecht alifungua duka dogo mjini Essen. Wanawe, Karl na Theo, walilichukua 1946, nchi ikiwa magofu, wakauza vitu vichache kwa sababu vichache ndivyo vilivyopatikana. Nchi ilipotajirika hawakubadilika. Waligawana kampuni mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kutoelewana juu ya kuuza sigara, mmoja akabaki na kaskazini na mwingine kusini, na jina Aldi likatokana na Albrecht na neno la Kijerumani la punguzo. Duka la Aldi lina aina za bidhaa kama 2,000 hivi. Duka kubwa la Walmart lina zaidi ya 100,000. Ukiwa na aina moja tu ya tomato ya kopo badala ya kumi na mbili, unaagiza nyingi mno ya hiyo moja, inaisha upesi, na bidhaa yenyewe ina nembo yako, kwa hiyo mteja akiipenda hawezi kuifuata kwingine. Boksi linakatwa mbele na kuwekwa kama lilivyo. Mfanyakazi mmoja anapokea mzigo, anapanga na kukaa kaunta.

Lidl, aliyeanza kama duka la punguzo mwaka 1973 chini ya Dieter Schwarz, alichukua mwendo huo na kuukimbiza nje ya mipaka, na leo kundi la Schwarz ndilo kubwa kuliko wote barani Ulaya kwa mauzo ya rejareja. Uingereza, ambako wawili hawa waliingia miaka ya 1990 wakidharauliwa, Aldi ilimpita Morrisons mwaka 2022 na kuwa ya nne kwa ukubwa. Kuna jambo moja la Uingereza ambalo halisemwi vya kutosha. Msimamizi wa kanuni za maduka ya vyakula wa nchi hiyo huwauliza wasambazaji kila mwaka ni supamaketi gani inayowatendea haki. Kwa miaka mingi mfululizo aliyeshika nafasi ya kwanza ni Aldi. Muuzaji wa bei ya chini kabisa ndiye ambaye wasambazaji wanamlalamikia kidogo kabisa! Kwa mtu aliyeambiwa kwamba bei nafuu haipatikani ila kwa kumkamua mleta mali, hilo ni jibu zito. Aldi inabana kwenye aina za bidhaa, kwenye mishahara ya watu wachache, kwenye mapambo. Haihitaji kubuni makato mapya kila mwezi kwa sababu mkataba wake ni mfupi na unaeleweka.

Costco ya Marekani inafikia hapohapo kwa njia nyingine. Ina aina kama 4,000 tu, imejiwekea ukomo wa faida inayoongeza juu ya bei ya kununulia, na mteja hulipa ada ya mwaka kabla ya kuruhusiwa kununua chochote. Mwaka wa fedha wa 2024 ada pekee zilileta dola bilioni 4.8, na faida halisi ya kampuni nzima ilikuwa bilioni 7.4. Hapa anayekopesha ni mteja, na anafanya hivyo akijua.

Tesco ya Uingereza ndiyo inayoonyesha upande wa pili. Ilianza 1919 kama meza ya Jack Cohen sokoni, mashariki mwa London. Mwaka 1995 ilitoa kadi ya wateja, Clubcard, iliyorekodi kila familia inanunua nini na lini, na kwa miaka kadhaa hakuna muuzaji Ulaya aliyewajua wateja wake kama yeye. Kwa kujiamini huko ilivuka bahari 2007 na kufungua maduka madogo ya Fresh & Easy magharibi mwa Marekani, ikidhani takwimu zimeshamwambia Mmarekani anataka nini. Iliondoka 2013, na safari hiyo ikawa imekula takriban pauni bilioni 1.2.

La mwaka uliofuata lilikuwa zito zaidi. Septemba 2014 Tesco ilitangaza kwamba faida yake ilikuwa imekuzwa kwa takriban pauni milioni 250, na chanzo chake kilikuwa malipo kutoka kwa wasambazaji: michango ya matangazo, punguzo za mwisho wa mwaka, ada za kupewa nafasi nzuri rafuni, ambazo zilihesabiwa kabla ya wakati wake. Uchunguzi wa msimamizi yule niliyemtaja, uliotoka Januari 2016, ulikuta kwamba kampuni ilichelewesha kwa makusudi kuwalipa watu wake ili mahesabu yake yapendeze. Ninarudi kwenye kisa hiki mara kwa mara kwa sababu kinaondoa pazia. Jitu lililosifiwa kwa kuwajua wateja lilikuwa limefika mahali ambapo faida yake inatengenezwa upande wa nyuma, kwenye foleni ya alfajiri, na mteja wa mbele hana habari.

Carrefour ilizaliwa Annecy, Ufaransa, mwaka 1959. Mwaka 1963 ikafungua Sainte-Geneviève-des-Bois, nje ya Paris, duka la mita za mraba 2,500 lenye maegesho ya magari 400, na kuwaonyesha Wafaransa kwamba nyama, mashati na redio vinaweza kukaa chini ya paa moja. Imejaribu nchi nyingi na kuondoka nyingi: Marekani 1993, Japani 2005, Korea Kusini 2006, na China mwaka 2019 iliuza asilimia 80 ya biashara yake. Lakini ilijifunza kitu ambacho Walmart haikujifunza: kukodisha jina. Mwaka 1995 kampuni ya Majid Al Futtaim ilifungua Carrefour ya kwanza Dubai, sehemu kubwa ya fedha na hatari ikiwa yake, na Mfaransa akapokea ada ya jina na ujuzi. Hivyo Carrefour za Muscat, Kampala na Nairobi hazikuwa za Paris bali za Dubai.

Faida ya mpango huo ilionekana pale jina lenyewe lilipogeuka mzigo. Jordan, ambako kampeni ya kususia bidhaa kwa sababu ya vita vya Gaza ilikuwa imepamba moto, Majid Al Futtaim iliteremsha jina la Carrefour Novemba 2024. Oman ikafuata Januari 2025. Maduka, wafanyakazi na wasambazaji wakabaki. Kibao tu ndicho kilichosoma HyperMax. Kumbe jina linaweza kung'olewa na biashara ikaendelea, mradi mizizi ya uani haijaguswa.

Nairobi ilikuwa na jitu lake kabla ya Mfaransa wa Dubai kufika. Nakumatt ilianzia Nakuru kama biashara ya magodoro na vitambaa, ikapanda hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, mengine hayakufungwa usiku kucha. Mwaka 2014 ilinunua hata maduka matatu ya Shoprite Tanzania, Waafrika Kusini walipoamua kuondoka. Wengi wetu tulijivunia: Mwafrika Mashariki ananunua kutoka kwa Mwafrika Kusini! Lakini hesabu yake ilikuwa ileile ya siku 50, na gurudumu hilo lina tabia moja. Linaenda mbele tu. Mauzo yakikua, hela mpya ya leo inalipa deni la miezi miwili iliyopita na inabaki. Mauzo yakisimama, deni la zamani ni kubwa kuliko hela ya leo. Msambazaji mmoja anagoma, rafu ya unga inakuwa tupu, mteja aliyekuja kwa unga anaondoka bila sabuni wala mafuta, mauzo yanashuka tena, wa pili anagoma. Mwaka 2017 aliyeingia Nakumatt alikuta rafu nyingi ziko tupu. Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ifilisiwe, ikiwa inadaiwa mabilioni ya shilingi. Uchumi ilikwishafunga maduka yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015, na Tuskys nayo ikaporomoka baada ya Nakumatt. Kila mara waliobaki na karatasi zenye muhuri ni walewale wa mlango wa nyuma.

Carrefour ilifungua duka lake la kwanza Kenya mwaka 2016, Karen, na kadiri Nakumatt ilivyoondoka kwenye majengo mazuri, kama Junction na Thika Road Mall, ndivyo yeye alivyohamia. Hakulazimika kumtoa mtu. Alikuta viti vimeshaachwa. Wenye majengo walimtaka, kwa kuwa jengo la maduka lisilo na supamaketi halipati wapangaji wengine.

Ila alikuja pia na mikataba yake. Kampuni ndogo ya mtindi, Orchards, ililalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya kuhusu makato ya mauzo, bidhaa za bure kila tawi jipya linapofunguliwa, na kutakiwa kupeleka watu wake wafanye kazi dukani kwa mshahara anaoulipa yeye msambazaji. Mwaka 2020 mamlaka iliona kwamba huo ni unyanyasaji wa nguvu ya mnunuzi, na baraza la rufaa la ushindani likakubaliana nayo mwaka uliofuata. Desemba 2023 mamlaka hiyo ilitoa uamuzi mwingine, juu ya malalamiko ya wasambazaji wawili, mmoja wa mafuta ya kupikia na mmoja wa asali, ikaitoza kampuni zaidi ya shilingi bilioni 1.1 za Kenya na kuitaka ifute vifungu hivyo kwenye mikataba. Kampuni haikukubaliana na uamuzi huo.

Nataka msomaji aliweke hilo karibu na jambo lililotokea Ufaransa wiki chache baadaye. Januari 2024 Carrefour yenyewe, ile ya Paris, iliondoa bidhaa za PepsiCo kwenye rafu zake katika nchi nne za Ulaya na kubandika tangazo kwamba bei zimepanda kupita kiasi. Miezi mitatu walinuniana, kisha Aprili wakapatana. Mwenye soda ana mtaji wa kununa miezi mitatu. Mwenye mtindi ana ng'ombe wanaokamuliwa leo jioni. Kuziita pande hizo mbili kwa neno moja, wasambazaji, ni kuficha tofauti yenyewe inayotakiwa kupimwa.

Wakati Carrefour ikijitanua Nairobi, wakubwa wengine walikuwa wanafungasha. Walmart iliingia Afrika mwaka 2011 kwa kununua asilimia 51 ya Massmart ya Afrika Kusini, baada ya mabishano makali ya kisheria ambayo mwisho wake yaliilazimisha kutenga mfuko wa kuwasaidia wazalishaji wadogo wa huko. Kupitia Massmart, maduka ya Game yalikuwepo Dar es Salaam, Kampala na Nairobi. Kufikia mwisho wa 2022 yalikuwa yameondoka. Shoprite iliingia Nairobi mwishoni mwa 2018, ikafungua Westgate, ikafunga ndani ya miaka mitatu, na Uganda ikaiaga mwaka 2021, maduka yake yakichukuliwa na Carrefour. Kampuni za Afrika Kusini zilizoea kununua kwa pamoja kutoka kusini na kusafirisha. Mzigo unaolipiwa kwa fedha moja na kuuzwa kwa nyingine, ukivuka mipaka mitatu, hauwezi kushindana na unga uliosagwa Thika.

Aliyenufaika zaidi na msukosuko huu ni Naivas, kampuni ya familia iliyoanzia Bonde la Ufa. Ilinunua matawi ya mwisho ya Nakumatt, ikauza sehemu ya hisa zake kwa wawekezaji, IBL ya Mauritius wakiwemo mwaka 2022, na kuvuka matawi 100. Inauza mboga, chapati na chakula kilichopikwa, vitu vinavyoisha siku hiyohiyo. Kuingiza mtaji wa hisa badala ya kutegemea deni la waletao mali pekee ndiko, kwa maoni yangu, kulikoitenga na Nakumatt kuliko ubunifu wowote wa rafuni.

Juu ya Amazon nitasema machache. Mwishoni mwa 2024 mauzo yake ya robo mwaka yalizidi ya Walmart kwa mara ya kwanza, na watu wakaandika kwamba duka la matofali limeshindwa. Tazama faida inakotoka: mwaka 2024 zaidi ya nusu ya faida yake ya uendeshaji ilitoka kwenye huduma za kompyuta, na matangazo yalileta takriban dola bilioni 56. Sehemu kubwa ya matangazo hayo hulipwa na wauzaji wadogo wanaotaka bidhaa zao zionekane kwenye ukurasa wa kwanza. Ni ile ada ya nafasi nzuri rafuni, imehamia kwenye kioo.

Na hakuna kati ya hawa wote aliyemng'oa mangi. Duka lake la mtaani linampimia mteja mafuta ya shilingi mia tano na sukari ya robo, na linamwandika kwenye daftari hadi mwisho wa mwezi. Mangi anakopesha upande wa mteja. Supamaketi inakopa upande wa msambazaji. Kwa familia inayolipwa kibarua cha siku, hilo la kwanza lina thamani kuliko punguzo lolote, na majitu hayajapata namna ya kulifanya.

Sheria zimeanza kulifikia swali la muda. Umoja wa Ulaya mwaka 2019 ulitoa agizo kwamba chakula kinachoharibika kilipwe ndani ya siku 30, na kwamba oda isifutwe dakika ya mwisho. Agizo hilo linamlinda msambazaji kulingana na ukubwa wa mnunuzi ukilinganishwa na wake, jambo la busara, kwa kuwa mwenye soda hahitaji mlinzi. Kenya imeingiza matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi kwenye sheria yake ya ushindani, na imeonyesha kwamba inaweza kuitumia. Ningependa kuona nchi zote za Afrika Mashariki zikiweka idadi ya siku, iandikwe kwa tarakimu, kwa maziwa, mboga, mikate na mayai, na ucheleweshaji utozwe riba bila mleta mali kulazimika kuiomba. Kampuni itakayosema haiwezi kuishi kwa masharti hayo itakuwa imetueleza mapema kwamba inaishi kwa mtaji wa watu.

Ugumu ni nani atakayesema. Uingereza msimamizi hukusanya maoni ya wasambazaji bila kuyafichua majina yao, kwa kuwa wengi huogopa kwamba lalamiko la leo ni oda iliyokatwa kesho. Nairobi, mwaka 2020, jalada la kwanza lilikuwa na jina la kampuni moja ndogo ya mtindi, limeandikwa wazi juu, na kila mwenye supamaketi mjini aliweza kulisoma.